Mji Mkongwe: hoteli au wapangaji?

Tarehe 25 Desemba 2020 upande mmoja wa Beit al-Ajaib uliporomoka pale Forodhani, watu wawili wakafariki. Jengo hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lilikuwa mali ya serikali, limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na siku hiyo lilikuwa kwenye ukarabati uliofadhiliwa na Oman. Nalitaja mapema kwa sababu kila ukiuliza nani aachiwe nyumba za kale za Mji Mkongwe wa Unguja, wenye hoteli au wapangaji, utaambiwa tatizo ni pesa. Pale pesa zilikuwepo.

Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba ni vyembamba kama ushoroba. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu wa masika, kisha huutoa jua likiwaka. Ukiukandika saruji unauziba pumzi. Unyevu hubaki ndani, na kinachooza kwanza ni ncha ya boriti, ile iliyozama ukutani. Katikati boriti bado ngumu, ukiigonga inalia vizuri, kumbe kichwa kimeshakuwa unga.

Wanaotetea hoteli wanaanzia hapo, na wana hoja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, zikagawiwa familia kadhaa kwa kodi ndogo. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kulitengeneza paa la wote. Anachoweza ni kuweka tangi la maji juu na choo ghorofani, na huko ndiko maji yanakopenya. Chokaa nayo huloweshwa muda mrefu kabla ya kutumika, wakati saruji unainunua asubuhi na jioni ukuta umekwisha. Mwekezaji anaweza kusubiri na kumlipa fundi anayeijua kazi.

Lakini anayeweza kulipia chokaa anaweza pia kuipinda kanuni. Mambo Msiige, jumba la kale la humo Mji Mkongwe, ilipogeuzwa hoteli, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake. Hoteli ikafunguliwa vilevile. Mkazi wa kawaida akibadilisha dirisha bila kibali, sidhani angevumiliwa hivyo. Halafu kuna baraza. Ile ya mbele ya nyumba ya watu ina bao, kahawa na ugomvi wa mpira. Ya hoteli, mara nyingi, ina vyungu vya maua.

Mimi naegemea kwa wapangaji, ingawa si kwa huruma. Anayelala chini ya boriti ndiye wa kwanza kudondokewa na vumbi usoni; jumba lisilolaliwa na mtu halina wa kupiga kelele usiku. Kasoro ni kwamba kelele zake hazina fungu. Sehemu ya mapato ya utalii ingenunua chokaa na kuwalipa mafundi watakaozunguka nyumba zilizopangishwa, kabla ya masika, wakianza na mapaa na mabomba. Milango ya nakshi ingesubiri, maana hiyo haikosi wafadhili: kila mgeni anaipiga picha.