Marehemu Themanini

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Ujiji, na nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba aibu ninayoisimulia haikutokana na kutojua kuzidisha.

Katika likizo ya Juni 2023 nilimwahidi mama watoto kwamba tungekwenda Bujumbura, tukalale hotelini siku tatu kama watalii wengine. Yeye alipendekeza tufikie kwa shangazi yake Buyenzi, mtaa ambao Kiswahili chake kinamfanya mtu wa Kigoma ajione hajatoka nyumbani. Nami nikamjibu, kwa sauti ya mkuu wa kaya, kwamba mtu havuki mpaka ili akalale sebuleni kwa shangazi. Chumba nilikiagiza kwa simu, kinachotazama ziwa (lilelile tunaloliona bure kila siku, alinikumbusha), kwa makubaliano kwamba ningelipa taslimu, kwa faranga, siku ya kufika.

Benki sikwenda kuulizia faranga, kwa kuwa nilishaamua kwamba benki ni mahali pa watu wasiojua kupatana bei. Nilimwendea kijana mmoja pembeni ya soko, akanipa faranga mbili kwa kila shilingi moja, kiwango ambacho wenzake hawakukikaribia hata nilipojifanya naondoka. Mtu mwingine angejiuliza sababu. Mimi nilijipongeza. Shilingi 400,000 zikazaa faranga 800,000, yaani noti themanini za 10,000, nami nikazikagua kama mtihani wa taifa: nikazihesabu mara tatu, nikaziinua juani moja moja kutazama alama ya maji, nikapapasa hata uzi wa usalama. Hakukuwa na bandia hata moja. "Mwalimu, wewe huibiki," alisema yule kijana, na nakiri kwamba maneno hayo yalinilevya njia nzima.

Manyovu tulivuka salama, kadi za chanjo ya homa ya manjano tukiwa nazo mkononi, na dereva wa upande wa pili akaridhika na shilingi. Tulipofika Nyanza-Lac mama watoto alitamani ndizi, nikamkatalia, kwa hoja kwamba siwezi kuvunja noti ya 10,000 kwa ajili ya kichana kimoja. Laiti ningejaribu kuivunja palepale!

Hotelini nilitoa bunda zima na kuliweka mezani taratibu, ili kila aliyekuwepo alione. Binti wa mapokezi hakuhesabu. Aliigusa noti ya juu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayemkagua samaki aliyelala, kisha akauelekeza ukucha wake kwenye tarehe ndogo iliyochapwa pale: 2018.

"Pole, mzee. Hizi zilishakufa."

Akanieleza kwa upole kwamba mwanzoni mwa mwezi huohuo Benki Kuu ya Burundi iliziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo hilo, ikawapa waliokuwa nazo siku 10 kuzipeleka benki. Siku hizo 10 mimi nilikuwa nikisahihisha mitihani ya kidato cha pili, nikiwakata watoto wa watu alama kwa kutosoma swali hadi mwisho.

"Hata moja haifai?"

"Hata moja, mzee."

Nikamwuliza, na hadi leo sijui akili gani ilinituma, kama anaweza kunipunguzia bei ya chumba.

Mama watoto hakusema neno. Alifungua pindo la kanga, akatoa shilingi zake za kikoba, akazihesabu mara moja tu, akamwita dereva wa teksi na kumtajia Buyenzi. Shangazi alitupokea kwa ugali na ndagala, kama wao wanavyowaita dagaa, akatutandikia godoro sebuleni. Wajukuu wake waliniomba noti kumi za kuchezea duka, na kwa siku tatu nzima niliwasikia wakiuziana ndizi kwa 10,000 bila yeyote kudai chenji.

Tuliporudi Kigoma nilikwenda moja kwa moja sokoni na noti sabini zilizobaki, nikamkuta kijana wangu palepale. Alizipokea kwa heshima, akainua moja juani, akapapasa uzi, akasoma mwaka, kisha akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Aa, Mwalimu, hizi mbona haziendi tena? Nani huyo alikuuzia?"