Darasa la kompyuta lingekuwa na ghala lake la programu

Hapa Ngamiani kuna darasa la kompyuta ambalo mashine zake zote zinatumia Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, na zote zinapata intaneti kwa rauta moja ya laini ya simu. Siku ya kusasisha, kila mashine inakwenda kivyake archive.ubuntu.com, ghala la programu la Ubuntu mtandaoni, kuvuta faili zile zile. LibreOffice ile ile inashuka tena na tena, bando linakata asubuhi, na vijana waliolipa ada wanabaki wakitazamana. Inaniuma, kwa sababu dawa ipo na ni ya bure.

Tengeni mashine moja, hata ikiwa kuukuu, mradi diski yake ina nafasi, muweke humo apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi (faili za programu) vinavyoshushwa. Inapokea maombi kwenye poti (mlango wa mtandao) 3142. Mashine ya kwanza ikiomba kifurushi, apt-cacher-ng inakifuata nje na kubaki na nakala. Wengine wote wanapewa nakala hiyo humo humo ndani, bila kugusa bando. Kwenye kila mashine ya mwanafunzi andika mstari mmoja, katika faili jipya ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";

Anwani iwe ya mashine yenu, na rauta ipangwe isiibadilishe. Orodha ya maghala, ambayo tangu Ubuntu 24.04 inakaa kwenye faili la ubuntu.sources, iacheni na http yake. Mkiweka https, ambayo husimba mawasiliano, mashine hiyo ya katikati haioni kinachopita, basi haihifadhi kitu.

Hapo walimu hushtuka: http si rahisi kuchezewa? Wana haki ya kuuliza. Lakini apt, programu ya Ubuntu inayoshusha na kuweka vifurushi, haiiamini njia, inaamini saini ya kidijitali. Faili la ghala liitwalo InRelease limesainiwa kwa ufunguo wa Ubuntu, na ndani yake mna heshi za SHA256 (alama za utambulisho zinazokokotolewa kutoka kwenye faili lenyewe) za orodha za vifurushi. Orodha hizo nazo zina heshi ya kila kifurushi. Mtu akibadilisha herufi moja njiani, au ndani ya ghala lenu, apt inakikataa kifurushi.

Ndiyo maana nawasihi mafundi wetu waache kuandika trusted=yes kila wanapoongeza ghala la nje na kukutana na kosa la NO_PUBKEY, yaani apt haina ufunguo wa kukagua saini ya ghala hilo. Kosa linanyamaza kweli, ila ukaguzi wa saini wa ghala hilo nao umekwisha. Kwenye darasa lenye ghala la ndani, hatari ni kubwa zaidi: kifurushi kilichochezewa kikishahifadhiwa, kila mashine itagawiwa hicho hicho. Chukueni ufunguo kwa mwenye ghala mwenyewe, muuweke /etc/apt/keyrings, kisha muutaje kwa Signed-By kwenye ghala lile tu, usije ukaidhinisha na mengine.