Siku Nilipomwamkia Mama Mkwe kwa Meli

Kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikiunda meli juu ya meza ya chakula, na kwa muda huo huo familia yangu ilikuwa ikila mkekani. Meli yenyewe ni Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, ambayo sisi wa Kigoma tumeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mzee. Niliamua kuiunda kwa kipimo cha moja kwa mia, ili mita zake 71 ziwe sentimita 71 na nisisumbuke na hesabu. Nisichokihesabu ni kwamba meli ya sentimita 71 hudai meza ya mita mbili, kwa kuwa pembeni yake lazima kuwe na wembe, tupa, misasa ya aina tatu, makopo ya rangi, vijiti vya mishikaki vinavyosubiri kuwa milingoti, na maganda ya karanga yanayosubiri kuwa mashua za kuokolea abiria.

Mke wangu aliponitaka nihame, nilijitetea kwa historia. Nilimkumbusha kwamba Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikapitishwa Dar es Salaam na kuletwa kwa reli hadi hapa kwetu, ambako mafundi waliiunga upya. Kwa maneno mengine, nilimwambia, hata meli ya kweli ilianza kama yangu. Alinijibu kwamba Wajerumani hao walikuwa na ufuo mzima wa kufanyia kazi, na isitoshe hawakusuuzia brashi zao katika bakuli lake la mchuzi.

Nikahamia stoo.

Ningependa msomaji aione stoo hiyo, kwa sababu mkosi wote ulitokana na umbo lake. Haina dirisha. Kushoto kuna gunia la mahindi, kulia kuna dumu la mawese na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele, na katikati nililaza mlango wa zamani juu ya makreti mawili ya soda, ukawa meza. Kitasa cha mlango huo kilikuwa kimeshang'olewa, na tundu lake likatosha barabara kusimamisha kichupa cha supagluu kisianguke, ubunifu ambao niliwasimulia watu hata msibani. Tundu hilo hilo ndilo lililomeza mashua tatu na nusu ya ngazi, lakini hilo sikulisimulia.

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi, na mama mkwe alitarajiwa jioni kutoka Kasanga, kusini kabisa mwa ziwa. Mimi nilikuwa nikibandika uzio wa sitaha ya nyuma, njiti ya meno moja baada ya nyingine, mkono wa kushoto umeishika meli na wa kulia umeshika gundi. Mdomo wa kichupa ulikuwa umeziba, kama ilivyo desturi ya supagluu kuganda pale pale unapoihitaji. Nikaminya. Nikaminya tena kwa hasira, mdomo ukafyatuka wote, na gundi yote ikamwagika juu ya sitaha na kiganjani mwangu kwa pamoja.

Mtu mwenye akili timamu angetulia. Mimi nilinyakua kitambaa cha karibu nifute. Kitambaa hicho kilikuwa kanga mpya ya mke wangu, iliyokunjwa juu ya gunia ikingoja kuvaliwa kwa heshima ya mgeni, kwani mgeni mwenyewe ndiye aliyeituma wakati wa Idi, nayo iliandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Sikujua wakati huo kwamba supagluu na pamba zikikutana hupandisha joto kwa ghafla. Kanga ilianza kufuka moshi mkononi mwangu. Nikaibana kwenye sitaha ili niuzime moto ambao haukuwepo, na nilipotaka kuondoa mkono, kiganja, kanga na Liemba vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo niliposikia: "Hodi humu ndani!"

Basi lilikuwa limewahi. Mke wangu alikuwa sokoni. Ningemwacha mama mkwe mlangoni na mzigo kichwani, aibu hiyo ingesimuliwa hadi Mpulungu, kwa hiyo nilitoka kama nilivyo, meli mkono wa kulia, kanga ikiburuta nyuma na moshi kidogo ukinifuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu, na kwa kuwa mkono wa kushoto haupewi mkwe, nilimnyooshea huo wa kulia pamoja na vilivyomo. Mama aliitazama meli, akaishika omo kwa adabu zote, akaitikisa mara mbili kama mtu apeanaye mkono. Kisha akainama. "Hii si Liemba? Mbona mlango wa ubavuni umeusahau? Tulikuwa tunaingilia humo kutoka kwenye mitumbwi, mimi nikiwa na mimba ya mkeo."

Mke wangu aliporudi alitaka twende hospitali. Mimi nilitaka asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa nilijua ingekula na rangi ya meli. Mama mkwe alitaka mawese.

"Vita ilipowazidi, Wajerumani waliipaka mitambo yake grisi, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916," alisema, huku akinilowesha kiganja kwa mafuta ya vuguvugu. "Imekaa majini miaka minane, Waingereza wakaiibua, mitambo mizima. Mkono wako ni nini, baba?"

Ilichukua saa moja na robo, maji ya sabuni na ngozi yangu kidogo. Kanga ilibidi ikatwe kwa mkasi, mke wangu akikata bila kusema neno, na kipande cha ukubwa wa kiganja kikabaki kimeng'ang'ania sitaha ya nyuma. Nilitaka kukikwangua, mama akanizuia: siku za jua kali, alisema, wanawake walikuwa wakitundika kanga zao tezi ili watoto wapate kivuli, na kwa hiyo hapo ndipo nilipopatia kuliko mahali pengine popote.

Kipande hicho kipo hadi leo, na ukiinama vizuri utasoma "apone". Sehemu iliyobaki, yenye "Mgeni njoo, mwenyeji", mke wangu ameipindia kingo na kuitandika juu ya meza ya chakula, nami sijathubutu kuuliza kama huo ni mwaliko.