Fulana ya Mweka Hazina

Kimara ni vilima vitupu. Jirani yangu Baba Neema kajenga juu, mimi niko bondeni kwake. Nyumba yake ina lile paa la kujificha, gata liko ndani ya ukuta, na bomba la kutolea maji limechomoza juu kabisa, mdomo wazi, linatazama kwangu.

Masika yakaingia. Fundi akanipigia hesabu: mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lake ni kama mita 150. Ikinyesha milimita 40, kaniletea lita 6,000, bure, hadi mlangoni! Msingi wangu ukabaki mtupu kama fizi za mzee.

Nikamfuata Baba Neema kulalamika. "Baba Junior," akanijibu, "maji yangu kivipi? Hiyo si mvua ya Mungu?"

Mvua ya Mungu, sawa. Bomba je?

Mjumbe akanielekeza baraza la kata. Kumbe siku hizi baraza halihukumu, linasuluhisha tu. Zikipita siku 30 bila mwafaka, ndipo uende baraza la ardhi la wilaya. Siku 30 za masika? Msingi wangu ungefika wilayani kabla yangu.

Usiku nikachukua ngazi, nikaokota tambara gizani, nikalisindilia bombani. Nikalala fofofo.

Saa kumi alfajiri, hodi! Baba Neema, mweupe pepepe kwa unga wa jipsamu.

"Jirani, niazime ngazi. Gata limeziba, dari limeniangukia kitandani."

Ningesemaje? Nikaibeba mwenyewe, nikamshikia. Akapanda, akapapasa, akavuta.

Maji yote ya usiku ule yakanishukia utosini. Nikiiachia ngazi, jirani anavunjika kiuno. Nikasimama hapohapo, nimeikumbatia, nayanywa.

Yalipopungua, nikasikia kimya huko juu. Akawasha tochi ya simu, akalikunjua lile tambara. Fulana ya njano. Akasoma mgongoni, taratibu, kama karani wa mahakama: "Kamati ya Harusi. Mweka Hazina."

Harusi ya mdogo wangu. Baba Neema alichanga elfu hamsini, baada ya mimi kumpigia simu mara tisa.

"Mweka hazina," akaniita kwa upole uliotisha, "shika ngazi vizuri, nashuka."

Mjumbe alitumaliza kwa dakika kumi: mimi nikanunua jipsamu, yeye akashusha bomba hadi kwenye mtaro. Fulana hajanirudishia. Huivaa kila Jumamosi akizibua mtaro, mgongo kaugeuzia barabarani.