Shukrani Zangu Zilikwama Kit Mikayi

Naandika haya kwa sababu shemeji yangu mdogo ameshayasimulia mjini kwa njia yake. Eti nilikwama mwambani kwa muda wa saa tatu. Eti zimamoto waliitwa. Eti nililia. Zimamoto hawakuitwa. Hayo mengine tutayafikia.

Jumamosi tulienda kumshukuru Mungu. Mapacha wametimiza mwaka, na mnaojua mwaka huo ulivyoanza, kule kwenye chumba cha watoto njiti, mnajua tulikuwa na deni. Mama mkwe ndiye aliyechagua mahali: Kit Mikayi, maana kwao ni Seme na mwamba ule anauona tangu utotoni. Mimi Mluhya wa Kakamega nimezoea kumshukuru Mungu nikiwa nimekaa, tena karibu na sahani. Lakini mkwe akishasema, wewe ni nani?

Kwa ambao hamjafika: ni majabali yaliyopandana, kimo mita kama 40, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo. Jina ni Kijaluo, maana yake jiwe la mke wa kwanza. Wanasimulia kwamba mzee mmoja, Ngeso, alilipenda jiwe hilo hata akawa anashinda pangoni kutwa nzima, mkewe akimpelekea chakula. Mke huyo akiulizwa mume yuko wapi, anajibu ameenda kwa mke wake wa kwanza. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sikujua kwamba dakika 20 baadaye huyo mke wa kwanza angenikumbatia na mimi.

Ndani kuna nyufa na mapango ambamo watu hufunga na kuomba, na maji hudondoka kutoka mwambani. Siku hiyo tuliwakuta waumini wenye kanzu nyeupe wakiimba. Mimi nilikuwa nimepewa sala ya shukrani, nikaiandika kabisa kwenye simu: mwamba, ziwa, mvua, mapacha, mke, wakwe. Msiniulize kwa nini mke ni wa tano. Ameshauliza mwenyewe.

Tukaingia kwenye ufa kwenda kuona hayo maji. Mbele kijana anayetembeza wageni, kisha shemeji, kisha mimi, na nyuma yangu Mama mkwe na mwavuli wake. Mke alibaki nje na watoto. Kijana akapita kama barua chini ya mlango. Shemeji akapita kiubavu. Mimi nikaingiza bega, nikaingiza kifua, halafu ikafika zamu ya kitambi.

Kilo 104. Nataja mwenyewe kabla hamjakisia.

Kitambi hakikupita. Nikasema basi nirudi nyuma. Kikakataa pia.

Hapa twende polepole, maana hapa ndipo uongo wa shemeji ulipoanzia. Shavu langu la kushoto lilikuwa limebandikwa kwenye jiwe, baridi kama tumbo la samaki. Mkono mmoja umetangulia na simu, mwingine umebaki nyuma kwa Mama. Nilivyozidi kuogopa ndivyo nilivyozidi kuvuta pumzi, na kila pumzi ilinikaza zaidi. Nikasema, "Yesu!" Nilisema taratibu, lakini pango likaikuza. Ng'ambo ya jiwe waumini wakajibu, "Amina!"

"Yesu wangu, nisaidie!"

Wakapandisha wimbo. Makofi yakaanza. Nadhani walifikiri kuna mtu amepata upako kweli kweli humo ndani. Shemeji naye akatoa simu, si kwa ajili ya tochi.

Kijana akaniambia, "Mzee, toa pumzi yote na usiongee. Na huko nyuma, mtu amsukume."

Kimya. Huko nyuma mtu alikuwa mmoja tu.

Wenzangu wa magharibi mwa Kenya mmeshashika vichwa. Nyinyi wa kwingine niwaeleze: kwetu mama mkwe hata mkono humpi. Miaka saba mimi na Mama tumesalimiana kwa mbali, kama watu walio kwenye kingo mbili za mto. Sasa yuko hatua moja nyuma ya mkwe wake, na sehemu ya mkwe inayomtazama si uso.

"Baba mapacha," akaniita, kwa adabu ileile ya mezani.

"Naam, Mama."

"Uko salama?"

"Salama, Mama." Jamani, mlitaka nijibu nini?

"Hakuna mtu mwingine?" akamuuliza kijana.

"Hakuna, Mama."

Akanong'ona kitu kwa Kijaluo. Nadhani alikuwa anamwomba radhi marehemu mumewe. Kisha nikasikia ka! Kile kifungo cha mwavuli. Nikaelewa. Nikafumba macho, nikatoa pumzi yote niliyokuwa nimeivuta tangu Krismasi.

Ncha ikatua. Sitasema wapi. Ya kwanza alisukuma kwa heshima, sikusogea. Ya pili akamwita Mungu, "Nyasaye!" na waumini wakaitikia, "Amina!" Ya tatu aliacha heshima. Ile ilikuwa nguvu ya mwanamke aliyelima mtama maisha yake yote. Suruali ikalia kabla yangu, nami nikalia baada yake (ndiyo, nimekubali), nikachomoka na kumwangukia shemeji na simu yake. Kwa bahati mbaya simu haikuvunjika.

Nikafungwa leso kiunoni, tukatoka, nikasali chini ya mti. Ile orodha sikuisoma. Mwavuli ulitajwa wa kwanza, mke akapanda hadi wa pili. Nyumbani tulikula samaki, mimi nimesimama. Video ilifika kwenye kundi la familia kabla ya chai, na mjomba wa Bungoma, ambaye hajaandika neno humo tangu ajiunge, akaandika, "Amina."

Mama hajanipigia mpaka leo. Mwavuli wake alikataa kurudi nao, akauweka kwenye gari letu bila kusema kitu. Uko hapa mlangoni, ncha imepinda. Jana Kakamega imenyesha kutwa, na hakuna mtu nyumba hii aliyethubutu kuufungua.