Sabuni ya mimea Lamu: tupime maji, tuache kupima povu

Vikundi vya kina mama wanaotengeneza sabuni ya maji hapa Lamu wana kanuni moja inayojulikana: ungerol (kisafishi kizito kinachotoa povu), Ufacid (asidi ya kusafishia), CDE (kiongeza povu cha mafuta ya nazi), kostiki (soda kali), rangi, manukato na chumvi ya kukazia. Siku hizi kuna kiungo kingine kinachozungumzwa, glukosaidi, kinachotengenezwa kwa kuunganisha sukari ya mahindi na mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi. Jibu linalokipokea ni lile lile kila mahali: hiyo ni sabuni ya hoteli za Shela, kijiji jirani cha watalii, povu lake dogo, haikazi, na bei yake haishikiki.

Bei ni kweli. Glukosaidi huagizwa kutoka nje na inaipita ungerol mbali, na anayeuza sabuni kwenye chupa za soda zilizotumika hana faida ya kuchezea. Suala la kukaza nalo ni kweli, na aliyewahi kukoroga analielewa vizuri zaidi. Ungerol inatoka nzito ya kuvutika. Unaikoroga upande mmoja kwenye beseni mpaka iwe nyeupe, unaongeza maji kidogo kidogo, kisha unatia chumvi iliyoyeyushwa, na papo hapo mwiko unakuwa mzito mkononi. Ukizidisha chumvi, sabuni inarudi kuwa maji. Glukosaidi haishughuliki na chumvi hiyo. Utatia kikombe baada ya kikombe na itabaki nyepesi, hadi utafute gundi ya kuikazia.

Lakini tuangalie sababu. Chembe za ungerol zina chaji ya umeme na husukumana. Chumvi huzituliza, zikajipanga minyororo mirefu, na sabuni ikakaza. Chembe za glukosaidi hazina chaji. Sababu hiyo hiyo inayomuudhi mkorogaji ndiyo inayoifaa Lamu, kwa kuwa maji ya visima vya mji wa kale ni ya chumvichumvi na yana chokaa ya matumbawe. Kila aliyefua kwa sabuni ya mche kwa maji hayo ameona utando mweupe unaoganda kwenye karai: ni chokaa imeikamata sabuni kabla haijafika kwenye nguo. Ufacid nayo hukamatwa na chokaa. Glukosaidi haikamatwi. Mabaharia walilijua tatizo hili tangu zamani, ndiyo maana sabuni ya mafuta ya nazi ilithaminiwa melini: hutoa povu hata kwa maji ya bahari. Kwa hiyo sabuni inayopimwa kwa maji matamu ya Shela na kuhukumiwa kwa povu haijapimwa bado. Povu ni hewa. Kinachoondoa mafuta ya sufuria kimo ndani ya maji yenyewe.

Jambo linalonisumbua zaidi ni maji yanayotoka. Mengine hupita mitaroni hadi baharini, na mengine huishia kwenye mashimo ya vyoo yaliyo chini ya nyumba zetu, karibu na visima vyetu. Ulaya ilipata somo la povu miaka ya 1950, mito ilipofunikwa na sabuni za unga zisizooza. Ujerumani ikatunga sheria, na viwanda vikahamia kwenye aina tunayoiita Ufacid, ambayo huozeshwa na vijidudu vizuri kabisa. Sharti lake ni hewa. Mto una hewa, na mitambo ya majitaka ya miji mikubwa hupulizia hewa makusudi. Shimo la choo la Lamu halina hewa, na pasipo hewa Ufacid karibu haiozi. Inakaa pale, mwaka juu ya mwaka, katika ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe inayopitisha maji kwa urahisi. Glukosaidi huoza penye hewa na pasipo hewa. Hoja hii siisikii ikitajwa vikundini wala na wauzaji, ambao wanapendelea kusifia ulaini wa ngozi.

Wala sitaki ungerol isingiziwe. Yenyewe huoza hata shimoni. Lawama yake ni nyingine: inapotengenezwa huweza kubakiza dayoksani, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani, ambayo jimbo la New York limeiwekea kikomo cha sehemu 1 katika milioni kwa sabuni za nyumbani tangu mwisho wa 2023. CDE nayo iliingizwa na California mwaka 2012 kwenye orodha ya vitu vinavyohusishwa na saratani.

Neno "mimea" kwenye chupa pia lisitudanganye. SLS, kisafishi kingine cha kawaida ambacho madaktari wa ngozi hukitumia makusudi kuwasha ngozi katika vipimo vyao, nacho hutokana na mafuta ya nazi. Glukosaidi yenyewe ilitangazwa na madaktari wa mzio wa ngozi Marekani kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka 2017, kwa hiyo wapo watakaowashwa. Wala hakuna sabuni ya kumwagia samaki wanaofugwa kwenye birika la maji. Hata iliyo laini itawaumiza matamvua. Ila kusema ni kitu cha wageni si haki. Majani ya mkunazi tunayotumia kuoshea maiti wetu hutoa povu kwa mpango huo huo: sukari upande mmoja, sehemu inayoshika mafuta upande wa pili.

Kwa kikundi chenye mtaji mdogo, naona kazi ianzie kwenye Ufacid na CDE. Viondolewe hivyo, ungerol ibaki kiasi cha kuitikia chumvi, na glukosaidi ijaze pengo; ikichanganywa na ungerol hupunguza ukali wake ngozini na hulishika povu lisipotee upesi. Kostiki iko kwenye kanuni kwa ajili ya kuua ukali wa Ufacid tu, kwa hiyo nayo inaondoka, na gharama yake pamoja na hatari ya kuiweka nyumbani penye watoto. Inabaki kuongeza asidi ya ndimu kidogo, maana glukosaidi hufika ikiwa na ubesi mkali, na kuijaribu kwenye jagi moja la maji ya kisima kabla ya kukoroga dumu zima.