Wao wana kiti hawana uwanja, sisi tuna uwanja hatuna kiti

Hapa Muscat ukimuuliza kijana wa Kiunguja anashabikia timu gani ya taifa, jiandae kusikiliza. Atakutajia Taifa Stars, hasa Fei Toto, Mzanzibari mwenzetu, akiwa uwanjani. Atakutajia Zanzibar Heroes. Atakutajia Oman, maana ndiko anakopatia riziki. Na tangu Januari 2024 wengi wetu tumeongeza ya nne, nayo ni Palestina.

Mwezi ule nyumbani macho yote yalikuwa Ivory Coast kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, na Stars ikatoka makundini na sare zake mbili. Huku mikahawani televisheni zilikuwa Qatar, kwenye Kombe la Asia. Palestina walianza kwa kuchapwa 4-1 na Iran, wakatoka 1-1 na Emirates, kisha wakaipiga Hong Kong 3-0, Oday Dabbagh akitia mawili. Ilikuwa mara yao ya tatu kucheza fainali hizo, baada ya 2015 na 2019, na ndio kwanza walikuwa wanaonja ushindi. Kwenye 16 bora Dabbagh huyohuyo akawatangulia wenyeji, ila Qatar wakageuza ikawa 2-1. (Oman, kwa taarifa, ilikuwa imeshafungasha virago kwenye makundi, na mkahawani kwetu hakuna aliyependa kukumbushwa.)

Binamu yangu wa Jang'ombe huniambia kwenye simu kwamba mambo ya Waarabu niwaachie Waarabu. Namwelewa. Ukiwa nyumbani timu ya taifa ni kitu cha kukilaumu tu: kocha mbovu, upendeleo kwenye kuita wachezaji, pesa zimeliwa. Ukishatoka inakuwa kitu kingine, kwa sababu ndiyo pekee inayolitaja jina la kwenu mbele ya wageni bila kuomba ruhusa ya mtu. Wapalestina wameliishi hili muda mrefu kuliko sisi. Kule Chile, babu zao walianzisha klabu ya Palestino mwaka 1920, na wajukuu wa wahamiaji wale wamekuja kuvaa jezi ya taifa wakiwa na Kihispania kinywani. Wessam Abou Ali, yule mshambuliaji aliyetamba Al Ahly ya Misri, kazaliwa Denmark. Dabbagh mwenyewe ni mtoto wa Jerusalem, lakini mguu wake umepita Kuwait, Ureno, Ubelgiji na Scotland.

Na wale waliobaki kwao? Mwaka 2019 fainali ya kombe lao, Khadamat Rafah ya Gaza dhidi ya Balata ya Ukingo wa Magharibi, ilikwama kwa sababu Israel ilikataa kuwapa wachezaji wa Gaza vibali vya kupita. Oktoba 2023 hata ligi ikasimama. Agosti 2025 shirikisho lao lilitangaza kuwa Suleiman al-Obeid, waliyemwita Pele wa Palestina, ameuawa kusini mwa Gaza akisubiri msaada wa chakula. UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ikaandika salamu za kumuaga bila kusema kafa vipi, na Mohamed Salah akawauliza hadharani: alikufaje, wapi, na kwa nini?

Katika hali hiyo walicheza raundi ya tatu ya kufuzu Kombe la Dunia 2026. Mechi zao za "nyumbani" zilichezwa Kuala Lumpur, Doha na Amman. Korea Kusini walishindwa kuwafunga kwao Seoul, ikaisha 0-0, na waliporudiana Amman ikawa 1-1. Iraq walipigwa 2-1.

Ikaja tarehe 10 Juni 2025, Amman, Palestina na Oman, mechi ya mwisho ya kundi. Oman ilihitaji sare tu, Palestina ushindi. Niliitazama mtaa wa Al Khuwair hapa Muscat, katikati ya Waomani, baadhi yao wazee wanaosema Kiswahili kitamu kuliko changu. Oday Kharoub wa Palestina alipofunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, walikuwapo waliopiga makofi na kanzu na kofia zao za Kiomani. Oman wakabaki kumi. Halafu, dakika za nyongeza zinayoyoma, penalti. Issam Al-Sabhi akafunga, Oman ikapita raundi ya nne, Palestina safari ikaishia hapo. Watu walishangilia, ni haki yao, lakini mzee mmoja mzaliwa wa Malindi, Unguja, akasema, "Tumepita, ami, ila roho haijatua." Hakuna aliyembishia.

Hapo ndipo wenzangu wa huku huanza: na sisi Wazanzibari ni walewale. Nakataa. Palestina wamo FIFA tangu 1998 na hawana pa kuchezea. Sisi tuna uwanja wa Amaan Unguja, tuna wa Gombani Pemba, tuna ligi yetu, na kijana wa Wete anapanda boti kwenda kucheza Unguja bila kuulizwa kibali. Tunachokosa ni kiti. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilitupa uanachama, Julai ikatunyang'anya kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili. Inauma, na Desemba mwaka uleule Heroes wakafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, na kushindwa na Kenya kwa penalti. Lakini maumivu ya kunyimwa kiti si ya kunyimwa chakula, na anayeyaweka kwenye mizani moja anatuaibisha sote.

Kwa hiyo siku ZFF, shirikisho letu la Zanzibar, ikirudi kubisha hodi CAF, isiende kwa kujifananisha na Gaza. Iende na Waingereza, ambao dola yao moja ina mashirikisho manne ndani ya FIFA. Na iende na Agosti 2025, CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa Amaan, na Sudan, timu ya nchi iliyo vitani, ikaja kwetu ikaichapa Nigeria 4-0. Uwanja uliofaa kuwapa wengine pa kuchezea unafaa pia kwa wenyewe. Hoja hiyo inatosha, na ni yetu.